Tunachokosa ni Haya, Aibu Tunayo Tele

Kuna lawama isiyokosekana siku hizi kwenye mawaidha ya Ijumaa, mahubiri ya Jumapili, vikao vya wazee na vipindi vya redio vya asubuhi: watu hawana aibu. Vijana hawana aibu, wasanii hawana aibu, viongozi nao hawana aibu. Msemaji wa kwanza akishalalamika, wa pili hutoa dawa: aibu irudishwe. Kibaka apitishwe mtaani watu wamwone. Binti aliyepata mimba atolewe shule ili wenzake wapate funzo. Mzazi aliyeshindwa kulea anyooshewe vidole. Rai hiyo imekubalika kiasi kwamba anayeipinga hudhaniwa anatetea uchafu.

Mimi naipinga, na naipinga kwa kuyajali maadili hayohayo yanayoliliwa. Aibu haijapungua katika jamii yetu. Imejaa majumbani mpaka inaua watu. Iliyopungua ni haya. Na kwa kuwa tumezoea kuyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, tunazidisha ile tuliyo nayo kupita kiasi huku tukiamini tunairudisha ile iliyopotea.

Najua kamusi zetu zina desturi ya kuyaweka pamoja kama visawe, na najua mama akimwona mwanawe anajificha nyuma ya mlango wageni walipofika atasema "ana aibu" au "ana haya" bila kuona tofauti. Katika mambo madogo hakuna anayedhurika. Lakini maneno hayo yametufikia kutoka Kiarabu yakiwa na nasaba mbili. Aibu ni dosari. Wanafiqhi wanapoeleza masharti ya biashara huzungumzia aibu ya bidhaa: aliyeuziwa mnyama kilema au kitambaa chenye tundu bila kuelezwa ana haki ya kurudisha alichonunua, kwa sababu kina aibu. Haya nayo imetoka kwenye mzizi uliotupa hai na hayati, na wanazuoni wa zamani waliuona undugu huo, wakafundisha kwamba kadiri moyo unavyokuwa hai ndivyo haya yake inavyokuwa na nguvu. Kitambaa kinaweza kuwa na aibu. Hakuna kitambaa chenye haya.

Wahenga wetu waliilinda tofauti hiyo. Walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti hahisi kitu, haoni mtu, hajutii jambo, na bado ana aibu, kwa maana aibu ni kile kilicho juu ya mtu ambacho jicho la mwingine linaweza kukiona. Ndiyo maana tunasema kusitiri aibu, kufichua aibu, kuanika aibu, kana kwamba ni nguo ya ndani. Hakuna aliyewahi kusema haya ya maiti. Haya hufa na mwenyewe.

Tukilishika hilo, mengine yanafuata. Haya hufika kabla ya tendo na kuuzuia mkono. Aibu hufika tendo likishajulikana. Mwenye haya hujizuia hata akiwa peke yake chumbani na mlango umefungwa, kwa kuwa anayemwonea haya ni nafsi yake na Mola wake. Aibu bila watu haina nguvu. Na kubwa kuliko yote, haya ni ya mtu mwenyewe, wakati aibu inaweza kumwangukia asiyefanya chochote. Mtu anaweza kuaibika kwa kosa la mwanawe, kwa ugonjwa, kwa umaskini, hata kwa uovu aliotendewa. Jamii inayolea watu wake kwa aibu, kwa hiyo, imechagua chombo kisichojua kumtofautisha mkosaji na mkosewa.

Twende kwenye kikao cha ukoo. Mtoto wa kike amesema kwamba mjomba amemwingilia. Wakubwa wamekaa, mlango umerudishwa, sauti zimeshushwa. Yanayosemwa humo yanajulikana na kila aliyekulia kwetu: tuyamalize nyumbani, tusianike aibu ya ukoo, huyu mtoto kesho ataolewa na nani, mjomba ni mtu mzima jamani. Mwishoni mjomba anaomba radhi, pengine analipa faini, na mtoto anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Sheria ipo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, iliyoweka kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa ubakaji. Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2006, na mtoto aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 11 au pungufu, adhabu ya mkosaji ni kifungo cha maisha. Sheria hizo haziwezi kumfikia mjomba kwa kuwa kesi imezimwa kwenye kikao, na walioizima ni watu wenye aibu nyingi mno.

Niambieni, ndani ya chumba hicho kilikosekana nini? Aibu ilikuwepo, ndiyo iliyokiitisha kikao, ikafunga mlango na kuandika hukumu. Mjomba angekuwa na haya, mtoto asingeguswa. Wazee wangekuwa na haya, wasingeweza kukaa naye sinia moja baada ya hapo. Kilichokosekana ni haya, na aibu ikakalia kiti chake. Anayesema tuongeze aibu anaomba vikao vya aina hiyo viongezeke.

Tuangalie shule. Kwa miaka mingi Tanzania Bara iliwafukuza wasichana waliopata ujauzito, na kanuni za mwaka 2002 zilitafsiriwa kwamba jambo hilo ni miongoni mwa makosa dhidi ya maadili. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani, akiwa Chalinze, kwamba katika uongozi wake aliyezaa hatarudi shule. Hoja iliyotolewa na wengi waliomuunga mkono ilikuwa ya aibu tupu: akirudi darasani na wenzake wakamwona, watamwiga. Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo na kuruhusu warudi. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994.

Katika miaka hiyo yote aibu ilifundisha nini? Ilimfundisha msichana kuficha tumbo, kufunga kitambaa chini ya sketi, kuchelewa kliniki, na wengine kujaribu kutoa mimba kwa njia zilizowaua. Mwanamume hakufundishwa lolote, maana tumbo halikuwa lake na hakuna jicho lililoweza kuona kitu mwilini mwake. Ni kweli kwamba mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa ili anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Lakini kesi ya namna hiyo inamhitaji msichana asimame na kusema, na tayari tulikuwa tumemfundisha kwamba yeye ndiye mwenye aibu. Haya ingemkuta mwanamume mapema, wakati anamfungulia mlango wa gari mtoto aliyevaa sare, ikamwambia: huyu ni sawa na mwanao.

Kuna mahali ambapo aibu huanguka bila tendo lolote, na hapo ubaya wa kuichanganya na haya unaonekana wazi kuliko pengine popote. Uchungu wa uzazi ukikwama kwa muda mrefu bila upasuaji, kichwa cha mtoto hubana nyama laini za njia ya uzazi mpaka zinakufa kwa kukosa damu. Linabaki tundu, na mkojo, wakati mwingine hata haja kubwa, huvuja bila kizuizi. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Mara nyingi mtoto hufariki katika uchungu huohuo. Mwanamke anabaki na msiba, jeraha na harufu, na mara nyingi mume huondoka. Amefanya nini? Amezaa. Hana dhambi ya kuijutia wala tendo la kulionea haya. Lakini amejaa aibu hadi anajifungia chumba cha nyuma miaka nenda miaka rudi, haendi sokoni, haendi harusini, haendi ibadani, ilhali wengi wa walio na jeraha hilo hupona kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu bila malipo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hizo mbili ni mashtaka dhidi ya aibu, na zimekuwepo kabla ya kampeni yoyote ya afya.

Uganda ina mfano ambao kila Mwafrika Mashariki anapaswa kuufundisha watoto wake. Mwaka 1989, watu walipokuwa wakifa na majirani wakinong'ona, mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana, mwili ukimwisha, mpaka alipofariki Desemba mwaka huohuo. Wapo waliosema hana aibu. Kwa kweli aliikataa aibu, na kilichomwezesha kuikataa ni haya: aliona vibaya kunyamaza ilhali maneno yake yangeweza kumnusuru mwingine. Aliyeogopa aibu alinyamaza na kuendelea kuoa. Mwenye haya alisema.

Sasa nisikilize hoja ya upande wa pili, kwa sababu ina uzito. Husemwa kwamba binadamu ni dhaifu, haya haimtoshi, na macho ya watu ndiyo yanayomzuia. Mwizi akijua ataaibika hataiba. Kiongozi akijua atatajwa hatakula rushwa.

Macho ya watu yanazuia jambo moja kwa uhakika: kuonekana. Anayeogopa aibu tu haachi kuiba, anajifunza kuiba kwa hesabu nzuri. Fedha ya zahanati inaliwa kupitia risiti safi, na Jumapili mlaji anatangaza mchango mnono kwenye harambee ya kanisa au anaezeka madrasa, na heshima yake inapanda. Anayehukumu kwa aibu hana la kumwambia, maana hajaonekana. Tena akitajwa leo, kesho wapambe wake watasema anaonewa, na aibu itafutika kwa sherehe moja ya kumpokea uwanja wa ndege.

Kinyume chake ni mzee Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola katika msako wa mauaji ya kishirikina huko Shinyanga na Mwanza. Hakumpiga mtu, na hakuna aliyesema kwamba alitoa amri watu wapigwe. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya hayo walikuwa chini yake. Kiongozi wa aibu angesubiri aone kama upepo utapita, na kwa kawaida upepo hupita. Yeye hakusubiri. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano, na Watanzania bado wanamtaja kwa lile la 1977 kila waziri mwingine anaposhindwa kung'oka. Tukitaka viongozi wa namna yake, hatutawapata kwa kuongeza vidole vya kunyoosha. Watatoka kwenye malezi yanayomfundisha mtu kujihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa.

Ipo hoja nyingine, nayo naiheshimu zaidi. Dada zetu wengi watasema: hata hiyo haya unayoisifu imetumika kutunyamazisha. Msichana akiuliza swali anaambiwa hana haya. Akidai urithi wake, hana haya. Akikataa mchumba, hana haya. Wana haki ya kulalamika. Lakini wanaowaambia hivyo wamelichukua jina la haya na kuwavisha aibu, na mafunzo yenyewe yanawakana. Katika hadithi za Mtume, yeye mwenyewe, mwanamume, ndiye anayesifiwa kwa kuwa na haya kuliko mwanamwali aliye ndani. Basi anayedhani haya ni pambo la kike na asome upya. Na Bi. Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliuliza kuhusu hedhi, waliuliza kuhusu janaba, waliuliza mbele ya Mtume nao wakajibiwa. Hadi leo masheikh wetu husema hakuna haya katika kujua dini. Inayomziba mtu mdomo asiulize kinachomhusu, au asidai haki yake, ni aibu, hata ikiitwa kwa jina zuri.

Na Mkristo afungue Injili ya Yohana, sura ya 8. Kundi la wanaume limemleta mwanamke aliyefumaniwa. Wamemsimamisha katikati, watu wote wamwone; mwanamume aliyekuwa naye hayupo. Hiyo ni aibu ikifanya kazi yake ya siku zote: imemkamata mmoja, imemwacha mwingine, na imewapa watazamaji raha ya kujiona safi. Yesu hakuwaaibisha wale wanaume kwa kuwataja majina na dhambi zao. Aliwaambia asiye na dhambi awe wa kwanza kurusha jiwe, akainama. Wakaondoka mmoja mmoja, kuanzia wazee. Hakuna aliyewafukuza. Haya ndiyo iliyowaondoa, na ikafanya kwa dakika chache kile ambacho aibu, na mawe mkononi, isingeweza kukifanya.

Kundi lile leo linakaa kwenye simu. Video ya faragha ya binti inavuja, na kabla ya saa ya chakula cha mchana imefika kila kikundi cha WhatsApp, kikiwemo cha wazazi wa darasa. Anayeituma huandika chini yake: mabinti wa siku hizi hawana aibu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na kusambaza picha kama hizo ni kosa. Lakini niache sheria nimuulize mtumaji: kati yako na yule binti, nani amekosa haya? Alichofanya binti alikifanya faragha, na huenda aliyemrekodi alimsaliti. Wewe umelitazama umbile la mtoto wa mwenzio, ukachagua majina ya marafiki, ukabonyeza. Hukuzuiwa na chochote ndani yako. Na kwa kuwa aibu yote imemwendea yeye, umelala usingizi mzuri.

Huko Ufaransa, mwaka 2024, mwanamke mmoja aliuonyesha ulimwengu kwamba mzigo huo unaweza kurudishwa kwa wenyewe. Gisèle Pelicot alikuwa amelishwa dawa za usingizi na mumewe kwa miaka, akaingiliwa na wanaume wengi akiwa hana fahamu. Sheria ilimpa nafasi ya kesi kusikilizwa faraghani. Aliikataa, akataka milango ya mahakama ya Avignon ifunguliwe, kwa hoja kwamba aibu ni ya waliotenda. Desemba mwaka huo wanaume wote 51 walioshtakiwa, mumewe akiwemo, walitiwa hatiani. Watu wa makabila na dini za kila aina wanaweza kumwelewa mama huyu, kwa sababu alichofanya ni kukataa kubeba dosari ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ninapowasikia wakubwa wangu wakidai aibu irudi, nawaomba waanzie pengine. Mwalimu, mwanafunzi aliyeiba kalamu usimsimamishe mstarini mbele ya shule nzima. Mwite ofisini, muulize mwenye kalamu aliandikaje mtihani, mwache akae na swali hilo, kisha airudishe mwenyewe. Ukimwanika, atakuchukia wewe na kusahau kalamu. Mzazi, acha kumwambia mwanao "watu watatuonaje". Sentensi hiyo ndiyo shule ya kwanza ya unafiki, maana inamfundisha kwamba watu wasipoona hakuna tatizo. Mwambie kitu alichokifanya kimemuumiza nani. Mhariri, jina la aliyebakwa na picha ya nyumba yao havina kazi gazetini. Sheikh, padri, mchungaji, ukisimama kulaani mimba za mabinti, taja na waliozitia, nusu kwa nusu, na kama huwezi, nyamaza kwa haya.

Na mjumbe wa kikao cha ukoo, wewe ambaye pengine utaitwa mwezi huu kwenye chumba chenye mlango uliorudishwa: mtakapoambiana msianike aibu, muulize kwa sauti aliyeileta ni nani. Kisha mshike mtoto mkono, umpeleke kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Watakaosema huna aibu watakuwa wamesema kweli, na hutakuwa umekosa chochote.